Meli za Barazani

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Iringa mjini, na watu waliompelekea baiskeli zao walijua kwamba hawataondoka na tairi lililozibwa tu. Wataondoka pia na habari za meli. Gundi ilihitaji muda wa kukauka, na muda huo baba hakuuacha upite bure. Alipangusa mikono kwa tambara, akakaa juu ya kopo lake la rangi lililogeuzwa, akaanza, “Sasa, meli ikishatoka bandarini, kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba hakuna vumbi.”

Mtu wa Iringa akiambiwa mahali hapana vumbi husikiliza.

Aliwahi kuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vikuu vya pili. Walichukuliwa vijana wengi kutoka kwetu Uhehe, wakapelekwa mpaka Mombasa, wakapakiwa melini kwenda Kolombo na kutoka hapo Burma. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Ukimwuliza msitu wa Burma ulikuwaje alijibu, “Ulikuwa msitu,” akainama kutafuta spana. Lakini meli aliisimulia kuanzia ngazi hadi bomba la moshi. Alieleza chai iliyoletwa kwa ndoo, ikiwa na maziwa ya kopo, tamu mpaka midomo inagandana. Alieleza vitanda vya turubai vilivyoning’inizwa kwa kamba, jinsi meli ilivyovibembeza vyote kwa pamoja, wanaume wazima wakilala kama watoto mgongoni. Alieleza samaki wanaoruka, ambao wengine waliangukia sitahani, yaani pale juu kwenye sakafu ya meli, wakakaangwa. Mama alikuwa amezisikia habari hizo tangu alipoolewa. Zikianza, aliondoka kwenda kutazama kuku.

Baraza alilofanyia kazi lilikuwa la duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, taa za chemli na vipuri vya baiskeli. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mizito, na yeye pia alikuwa mtu wa meli. Aliletwa Afrika akiwa mtoto na mama yake kutoka Gujarati, katika daraja la chini kabisa, ambako abiria walitandika magodoro yao chini na kujipikia kwa majiko ya mkaa. Yeye alikumbuka harufu. Alikumbuka mama yake akikaanga mikate ya unga wa dengu huku upepo ukipeperusha cheche, na mabaharia wakipita kuwagombeza akina mama kwamba watachoma meli.

Wazee hawa wawili wakawa na kazi yao ya alasiri. Wateja wakipungua, mwenye duka alitoka na vijitabu vya kampuni za meli, vyenye ramani na picha, alivyotumiwa na jamaa yake aliyekuwa na ofisi ya tiketi Dar es Salaam. Alivitandaza juu ya meza ya vitambaa, baba akanawa mikono kwanza, kisha wakasafiri. Walitoka Dar es Salaam, wakagusa Unguja na Mombasa, halafu wakaanza kubishana.

“Kutoka Mombasa tunakwenda Shelisheli,” mwenye duka alisema. “Tunapumzika, tunanunua nazi zile kubwa, kisha moja kwa moja Bombei.”

“Bombei ya nini kabla ya Kolombo?” baba alimwuliza. “Kolombo ndiyo bandari.”

“Wewe Kolombo uliiona ukiwa askari. Uliona geti na lori.”

“Ndiyo maana nataka kuiona tena.”

Hawakuwa wanataka kusafiri walivyosafiri zamani. Hilo walikubaliana mapema. Wote wawili walikuwa wamevuka bahari wakiwa chini, mmoja na bunduki, mwingine na godoro, na wote waliwahi kutazama juu wakaona watu wamekaa kwenye viti vya kuegemea, shuka magotini, wakiletewa chai. Safari hii walitaka viti hivyo. Waliwahi kubishana wiki nzima kuhusu chumba kiwe upande gani ili jua la asubuhi lisiwaamshe, hadi mteja mmoja, karani wa mahakama, akawauliza wanaondoka lini. Baba alimjibu kwamba bado wanapanga.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mbeya, nikikaa mtaa wa Soweto na mwalimu mwenzangu katika nyumba ya kupanga. Likizo zikija nilipanda basi kwenda nyumbani. Barabara kuu ilikuwa imeshawekwa lami, na safari ambayo utotoni ilikuwa ya kulala njiani sasa ilikwisha mchana. Igawa basi lilisimama tukanunua mchele wa Usangu kwa wanawake waliokaa kando ya barabara, maana mama alisema mchele wa mjini Iringa umezeeka. Nilifika nyumbani nikiwa na mfuko wa mchele, na baba alikuwa na habari mpya za safari yao: wameiondoa Bombei, au wameirudisha.

Likizo moja ya Juni nikamkuta yuko kimya. Duka lilikuwa na mwenye duka mwingine. Watoto wa yule mzee walikuwa wamehamia Uingereza, na waliwaita wazazi wao wawafuate. Mama alinieleza walivyoagana. Yule mzee alikuja nyumbani kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akiwa na mkewe, wakaletewa viti uani. Baba alimwuliza watapanda meli gani.

“Meli za abiria zimekwisha, rafiki yangu,” alimjibu. “Zilizobaki zinabeba mizigo. Tutapanda ndege.”

“Mtapita juu ya bahari.”

“Tutapita usiku. Hata kuiona sitaiona.”

Wakanywa chai. Aliviacha vile vijitabu, baba akaviweka juu ya kabati, na tangu hapo hakuvishusha. Baraza lilikuwa lilelile, mwenye duka mpya hakumsumbua, baiskeli ziliendelea kuja. Lakini watu walisubiri gundi ikauke wakitazama barabara.

“Nilikuwa nachukia zile habari,” mama aliniambia tukipepeta maharage. “Sasa nyumba imekuwa kama ya wageni. Anakula, anashukuru, analala. Mwambie kitu wewe, mwalimu.”

Niliporudi Mbeya nikamwandikia mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa anakaa Magomeni, Dar es Salaam, nikamwuliza kama kuna meli yoyote bado inabeba watu. Akajibu kwamba ipo moja ya pwani. Inashuka kusini mpaka Mtwara na kurudi, inabeba shehena na abiria pamoja, na ina vyumba vichache juu. Haikuwa Kolombo. Lakini ilikuwa meli, tena baharini. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo ya kununua cherehani. Cherehani nikaiacha mwaka ule.

Desemba nilipofika nyumbani nikawaambia wote wawili wakati wa chakula. Baba aliacha kutafuna.

“Meli kubwa?”

“Mjomba anasema ina bomba la moshi.”

“Rangi gani?”

Sikujua rangi. Alinawa mikono, akaenda kuvishusha vijitabu juu ya kabati, akavifuta vumbi, na ingawa Mtwara haikuwamo katika ramani zile, aliiweka kwa kalamu ya risasi.

Mama alisema haendi. Alisema mtu anayejua kuku wake wana vifaranga hawezi kwenda kuliwa na samaki. Siku mbili baadaye akasema atatusindikiza hadi Dar es Salaam tu, amsalimie kaka yake. Mimi nilikuwa nimeshamwagiza mjomba anunue tiketi tatu, lakini nikanyamaza. Kuku walikabidhiwa jirani.

Basi la Iringa kwenda Dar es Salaam baba alilipanda kama mkuu wa msafara. Alivaa koti lake la sufu na kofia, akaturuhusu tukae dirishani. Tuliposhuka Kitonga aliwaeleza abiria wenzetu kwamba mteremko ule si kitu, mawimbi ya bahari kuu ni marefu kuliko hapo. Mjomba alitupokea vizuri. Jioni baba alimweleza namna ya kupanda ngazi ya meli: mguu wa kulia kwanza, mkono kwenye kamba, usitazame maji.

Kesho yake mchana tukaenda bandarini. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona bahari, na nakumbuka kwamba kilichonishangaza kilikuwa harufu, si ukubwa. Meli ilikuwa nyeupe, imechakaa kwa kutu pembeni, na si kubwa sana. Wapagazi walikuwa wanapakia magunia. Watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wanapanda na mikeka, ndoo na mabati ya kuezekea. Mama alishusha kikapu kichwani akaitazama meli yote.

“Haya, baba,” nikamwambia. “Twende.”

“Tangulieni,” alisema. “Nataka kuangalia walivyofunga kamba.”

Tulisubiri. Alizitazama kamba. Kisha akasema kofia inambana, akaivua. Kisha akauliza kama meli hii ina maboya ya kuokolea watu ya kutosha, na mfanyakazi mmoja wa meli akamwonyesha yalivyopangwa pembeni. Watu waliokuwa nyuma yetu walitupita. Nikamshika mkono nikakuta umelowa jasho, na ndipo nikauona uso wake. Baba alikuwa anaogopa. Hakuwa anaogopa kidogo. Alikuwa amesimama kama mtu aliyeambiwa asisogee.

“Miguu inakataa,” alisema polepole, kwa Kihehe, si kwa Kiswahili.

Mama ndiye aliyejua la kufanya. Alijitwisha tena kikapu kichwani.

“Mzee,” alisema, “kama huendi, sema, turudi kwa kaka. Hakuna atakayekucheka. Lakini mimi siwezi kusimama juani na mayai ya kuchemsha.” Akashika kamba ya ngazi, akatanguliza mguu wa kulia, akapanda.

Alipofika katikati alisimama. Alitazama maji, jambo ambalo baba alikataza, halafu akageuka kumwangalia mumewe. Upindo wa kanga yake ulikuwa unaning’inia nyuma. Baba alivuta pumzi, akapanda mpaka alipoufikia ule upindo, akaushika. Wakaenda hivyo hadi juu, mke mbele na mume nyuma akiwa ameshika kanga. Mimi nikafuata na masanduku. Tiketi ya tatu sikuulizwa imetoka wapi.

Honi ilipolia baba alikaa chumbani kitandani, macho amefumba, mpaka tulipotoka kwenye mlango wa bandari. Usiku ule tulilala, au wao walilala. Mimi nilitapika. Upepo wa kaskazi ulikuwa unatusukuma kwa nyuma, na watu waliozoea walisema bahari imetulia. Mama alinishikia ndoo. Alikuwa mzima kabisa. Alisema kule kubembezwa kunamkumbusha kitu ambacho hakumbuki ni nini.

Asubuhi nilipopata nafuu nikatoka nje nikawakuta juu. Mama alikuwa amemwomba mhudumu viti, akapewa viwili vya mbao, na walikuwa wamekaa upande wa nchi kavu, ambako mnazi mmoja mmoja ulionekana kwa mbali. Mhudumu aliwaletea chai kwa vikombe vya bati. Ilikuwa na maziwa ya kopo. Baba alikuwa amevaa kofia tena. Nilikaa chini, karibu na miguu yao, na baba akaendelea na maneno ambayo alikuwa ameshayaanza.

“Tulikuwa meli nyingi,” alisema. “Zimepangana kama ng’ombe wanaokwenda kunywa. Kijana mmoja wa kijijini kwetu, tuliandikishwa naye siku moja, yeye alipangwa meli ya nyuma yetu. Jioni tulikuwa tunapungiana vitambaa. Huoni sura, lakini unajua ni yeye. Siku moja mchana tukasikia mlio. Wakatuamuru tuvae maboya tukae sitahani. Tukatazama nyuma tukaona moshi, na baada ya muda hata moshi hatukuuona.”

“Hamkurudi kuwaokota?” mama aliuliza.

“Meli za vita hazikurudi. Ingerudi moja, nayo ingepigwa. Tuliambiwa tukae, tukakaa. Jioni wakaleta chai.”

Mama akakizungusha kikombe chake mikononi.

“Vita vilipokwisha nikarudi nyumbani,” baba aliendelea. “Mama yake yule kijana akaja kwetu siku ileile, hata sijavua viatu. Barua ya serikali alikuwa ameshaletewa, alijua mwanawe amekufa. Hakuniuliza amekufaje. Aliniuliza, ‘Huko kwenye maji alikuwa anakula?’ Nikamwambia alikuwa anakula. Nikamweleza chai, nikamweleza vile vitanda vya kamba, na samaki wanaoruka. Akasikiliza yote. Akasema asante, akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi. Akasema, ‘Niambie tena za meli.’”

“Alikuwa anakuja mara nyingi?”

“Mpaka alipokufa. Nikawa natafuta vitu nilivyosahau, nisimwambie yaleyale. Nikikumbuka kitu kipya namwekea. Na sikumdanganya, yote yalikuwa kweli. Bahari ilikuwa nzuri kweli, kabla. Basi nikazoea kuisimulia hivyo. Na watu walipenda.”

Mama alikiweka kikombe chini. “Ni yule bibi aliyekuja kwenye arusi yetu na ungo?”

“Ndiye.”

“Aliniambia, mumeo amekula na mwanangu. Sikumwelewa. Nilidhani ni mambo ya wazee.” Akafungua kikapu, akamenya yai, akampa baba na chumvi kidogo ya kwenye karatasi. “Ungeniambia,” alisema.

“Ulikuwa unakwenda kwenye kuku.”

“Kwa sababu ulikuwa unaniambia za samaki.”

Hapo wakacheka wote wawili, si kwa sauti. Baba akala yai lake. Baada ya muda pomboo walitokea upande wetu, wakaenda sambamba na meli, na abiria wote walikimbilia huko na watoto wao. Baba alisimama na wengine akawatazama. Aliniambia kwamba safari ile ya zamani hakuwaona, au kama walikuwepo, wao askari hawakutazama kwa sababu walikuwa wamekatazwa kusogelea ukingo.

Siku zilizobaki zilikuwa za raha, na sina namna kubwa ya kuzieleza. Meli ilitia nanga nje ya miji midogo, na mashua zilikuja kuchukua watu na kuleta wengine. Mama aliwazoea wanawake wa Lindi waliokaa sitahani. Walimpa mtama na samaki mkavu, yeye akawapa mayai, na ilipofika mchana alikuwa anawafundisha kusema kamwene, salamu yetu, nao wanacheka lafudhi yao wenyewe. Alijifunza kutambua mji kabla haujaonekana, kwa kuangalia ndege. Mtwara tulilala nyumba ya wageni karibu na soko, mama akalalamika kwamba kitanda hakitikisiki. Tulirudi na meli ileile, ikiwa imejaa magunia ya korosho, na safari hii baba alipanda ngazi mwenyewe, taratibu, mkono kwenye kamba.

Nilirudi Mbeya shule zilipofunguliwa. Watoto wa darasa langu waliniuliza bahari ikoje, nikawapa habari za jinsi nilivyotapika, wakaridhika.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Baba alizirudia habari za meli barazani, lakini sasa alizisimulia mpaka mwisho, pamoja na moshi. Si kwa kila mtu. Alimpima mtu kwanza. Wazee wachache waliokuwa askari kama yeye walianza kuja alasiri, wengine bila baiskeli, wakakaa pale wakaambiana mambo ambayo wake zao walikuwa hawajayasikia. Mwenye duka mpya aliwatolea benchi.

Mama ndiye aliyekuwa mtu wa safari. Mwaka uliofuata akina mama wa kanisani walipanga kwenda Unguja kuimba, na wengi walisita kwa sababu ya maji. Mama aliwakusanya uani, akawaeleza mguu upi utangulie, na kwamba mtu asile maharage siku ya kuondoka. Baba alialikwa aende nao akawe mwangalizi. Alikataa, akasema ameshavuka bahari kiasi chake, lakini aliwasindikiza mpaka stendi, akahakikisha vikapu vyote vimepanda.

Mama alirudi na karafuu kwenye kitambaa. Alizigawa kwa majirani, nyingine akazitia kwenye kabati la nguo, na niliporudi likizo shuka nililopewa niende nalo Mbeya lilinukia karafuu mpaka mvua za masika zilipoanza.